Damu Aliyoificha Kinyozi

Kinyozi alikuwa hodari wa maneno. Ukikaa kwenye kiti chake, utatoka umenyolewa na umecheka. Lakini tangu saratani ya ini ihamie kwenye mfupa wa paja lake, alinyoa huku ameegemea meza. Mdomo aliufunika kwa kitambaa. Fizi zilikuwa zikimtoka damu, naye aliona haya. Nani atampa kichwa kinyozi anayetema damu? Tena watu walikwishasema kuwa ugonjwa wa ini ni wa walevi, na yeye pombe hakuwahi kuionja.

Mfupa ulikuwa karibu kuvunjika. Madaktari wakapanga kumpasua na kuutia chuma. Siku ya vipimo, muuguzi alimhoji mbele ya mkewe.

"Mzee, unatokwa na damu popote? Puani, kwenye fizi? Choo kimekuwa cheusi?"

"Hapana."

"Dawa za maumivu za dukani je?"

"Mimi? Mwanaume hatafuni vidonge kama njugu," kinyozi alitania.

Muuguzi hakucheka. "Siulizi kwa udaku, mzee. Ini ndilo linalosaidia damu kuganda, na lako linaumwa. Tena uvimbe wa saratani hii ukiwa mfupani huwa na mishipa mingi ya damu. Tukipasua bila kujua hali yako, damu inaweza kutushinda kuizuia."

Kinyozi alitazama sakafu. Uso ulimwaka kwa aibu. Kusema mbele ya mkewe kulikuwa kugumu, lakini kufa je?

"Fizi zinatoka damu," alisema polepole. "Na aspirini nakunywa kila siku. Nyumbani nilisema maumivu nayavumilia."

Mkewe naye aliinamisha kichwa. "Najua, baba watoto. Foronya zenye damu nafua mimi. Nilinyamaza nisikufedheheshe."

Hawakuweza kutazamana.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," muuguzi alisema kwa upole. "Nyinyi mmewahi."

Upasuaji uliahirishwa. Daktari alimwachisha aspirini, kwani nayo huzuia damu kuganda, akampa dawa nyingine ya maumivu. Damu yake ilipimwa kama inaganda vizuri, na damu ya kumwongezea ikawekwa tayari. Kisha daktari alipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu wa kinena, akaiziba mishipa inayoulisha ule uvimbe. Kesho yake wakampasua. Damu ilitoka, lakini waliidhibiti.

Saratani ilibaki, na madaktari hawakumficha. Ila kinyozi alirudi kazini kwa miguu yake, akisaidiwa na mkongojo.

Fundi viatu wa jirani alikuja kunyolewa. "Mguu umepatwa na nini?"

Zamani angemjibu kwa mzaha. Sasa alimweleza yote: ini, mfupa, fizi, hata vile vidonge alivyomeza kwa siri. Bado aliona haya, maana aibu haiishi kwa siku moja.

Fundi viatu alichungulia mlangoni. Halafu akanong'ona, "Mimi nakojoa damu. Sijamwambia mtu."

Kinyozi alimvua kitambaa mabegani, nywele zikiwa zimenyolewa nusu.

"Shuka kitini, ndugu yangu. Twende hospitali."