Umeme wa Serikali

Ofisi ya matengenezo pale Dora, Beirut, ilifurika watu asubuhi ile. Nazih aliingia akichechemea, begani amebeba mashine ya mazoezi ya umeme, ile unayokanyaga pedali sebuleni bila kwenda popote. Daktari aliyempasua goti alimwonya: usipokanyaga kila siku, mguu utakauka. Sasa mashine imekufa, na dhamana bado haijaisha.

"Jina?" aliuliza Hiyam wa mapokezi, blauzi ya kijani, manukato ya maua ya mchungwa.

"Nazih. Wananiita Abu Rami."

"Umeitumia kwa umeme wa serikali au wa jenereta la mtaa?"

"Serikali gani, bibie? Unapajua kwake?"

Watu wakacheka. Hiyam akainama. "Punguza sauti. Dhamana haigusi kilichounguzwa na jenereta."

"Basi mji mzima hauna dhamana."

"Hata wewe?"

"Mimi niliungua zamani."

Jioni Hiyam akapiga simu, eti habari za mashine. Kesho yake akapiga tena, na mashine haikutajwa.

"Umekula nini?"

"Dengu."

"Dengu tena! Goti litaota mizizi."

"Njoo unipikie basi."

"Umeanza utundu, ee?"

Nazih akajikuta anachana nywele, na simu haina macho.

Usiku mmoja akamsimulia habari za Samira, marehemu mkewe. Umeme ulikatika, mashine yake ya kupumulia ikazimika, jenereta la mtaa halina mafuta. Kule juu milimani majumba ya wakubwa yaliwaka kama arusi. Tangu siku hiyo Nazih hakuitaja serikali bila kuilaani.

Kisha ikaja simu nyingine. "Habari njema, mpenzi! Nimewaambia ofisini wewe unatumia umeme wa serikali tu. Watakupa mpya."

"Umewaambia kwangu umeme wa serikali upo?"

"Kwa ajili ya goti lako, Abu Rami."

"Samira alikufa gizani, Hiyam! Nawe unawasafisha waliomuua?"

Akakata. Hiyam alipiga na kupiga. Simu ikalia mezani kama mtoto asiye na mtu.

Ijumaa Nazih akaitwa ofisini. Jenereta la ofisi lilinguruma nje, hata mkurugenzi ikabidi apaze sauti.

"Kuna mteja alikusikia ukiikana serikali. Hiyam anasema ulitumia umeme wa serikali. Sema mwenyewe. Ikiwa ni jenereta, wewe chukua mashine yako mbovu, na huyu achukue mkoba wake aende."

Hiyam alisimama ukutani, macho yamevimba. "Sema kweli, Abu Rami. Usinionee huruma."

Nazih alimwona Samira akitafuta pumzi. Kisha akamtazama huyu aliye hai. Mate yalikuwa shubiri mdomoni.

"Umeme wa serikali," akasema. "Kwangu upo mchana kutwa. Mungu awape umri wakubwa wetu."

Hakuna aliyecheka.

Hiyam alimkuta ngazini, amekumbatia boksi jipya.

"Nikushukuruje?"

"Usinishukuru. Jumapili nakwenda kaburini kumwambia Samira nimewasifu wale. Peke yangu siwezi."

"Niende kama nani?"

"Kama mke wangu mtarajiwa. Akikasirika, akukasirikie wewe."

Hiyam akacheka huku machozi yakimtoka, akashika upande wa pili wa boksi.

"Nitaleta mshumaa," alisema.

"Lete miwili. Kule nako hakuna umeme."