Watoto wa Pango Lililochomwa

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kumchukua mwanangu Marisela pangoni. Mwili wake niliuacha nyumbani, mapajani mwa mama mkwe.

Kwetu, pwani hii ya Veracruz, mtoto akishtuka sana kivuli chake hubaki pale aliposhtukia. Mama huenda na nguo yake, hupiga ardhi kwa tawi na kumwita kwa jina mpaka kitoke. Nilibeba gauni lake la njano na tawi la mrehani.

Nilibeba na hasira.

Aliyemshtua ni babu yake mwenyewe, baba mkwe wangu Don Leocadio. Ndama wake aliumwa na popo akafa, naye akaapa kulichoma pango. Pango liko ndani ya uzio wa mtambo wa nyuklia, na popo wake wamebaki wachache duniani. Mtambo umemwajiri binti mmoja, Ninfa, awalinde. Msimu wa popo kunyonyesha, taa za upande ule huzimwa. Ninfa alikuja mpaka zizini kwetu.

"Don Leocadio, hawa wanakunywa maua tu. Wanaouma ng'ombe wanalala kwingine. Twende nikuonyeshe."

"Popo ni popo, binti. Kaolewe kwanza, ndipo uje kunifundisha ng'ombe."

Wanaume wakacheka. Wanaume wanaokoroma jirani na mtambo unaoweza kututeketeza sote, halafu wanaogopa kitu kidogo kuliko ndimu!

Wakakata uzio, wakaingiza matairi, wakawasha. Marisela, miaka minne, alimfuata babu yake bila kuonekana. Tulimkuta kwenye mlango wa pango, masizi usoni, macho wazi. Tangu hapo hakusema neno. Mchana alilala. Giza likiingia alifungua kinywa, akafunga, akafungua... bila sauti.

Nilimwomba Don Leocadio akaombe radhi kwa chaneke, wale watu wadogo wanaochunga wanyama wa msitu.

"Niombe radhi kwa sababu ya popo? Mpe mtoto sukari, atanyamaza."

"Amekwisha kunyamaza, baba!"

Akaniambia nisimpandishie sauti nyumbani kwake.

Mlinzi wa lango la mtambo alikuwa anakula. Angeweza kunifukuza. Alikata tortila yake, mkate mwembamba wa mahindi, katikati, akanipa nusu, kisha akampigia Ninfa simu. Ninfa alikuja mbio, akanivika koti lake.

"Nitasubiri hapa," akanong'ona tulipolikaribia pango. "Ukiniita tu, dada, nakuja."

Harufu ilinipokea kwanza. Mpira ulioungua. Na chini yake... maziwa. Maziwa yaliyochacha.

Nikapiga ardhi kwa tawi.

"Marisela! Njoo, mama, twende nyumbani."

Mtambo ukivuma kwa mbali.

"Marisela!"

"Mama," ikajibu sauti.

Kisha ikaja nyingine. Na nyingine. Dari nzima ya pango.

Mama. Mama. Mama.

Niliinua tochi. Vitoto vya popo vilining'inia, havina hata manyoya, vinywa wazi. Chini mama zao walikuwa wametapakaa kama majani makavu.

Nikalia. Ndipo mtu akalivuta gauni mkononi mwangu.

Kimo cha mtoto. Uso wa mzee. Nyayo zilitazama nyuma, nyayo za chaneke.

"Wako yupi?" akanong'ona.

"Mwenye gauni hili."

"Wako umemfuata. Hawa watafuatwa na nani?"

"Si mimi niliyewasha, mzee wangu."

"Najua. Ni nani?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini chini miguuni pangu kitoto kimoja kilikuwa kimeanguka, kinanyonya mama aliyekufa.

"Leocadio Uscanga," nikasema. Kwa sauti kubwa.

"Atawatosha."

Akaliachia gauni. Likawa zito. Likawa na joto.

Sikugeuka nyuma. Ninfa alinishika mkono mpaka langoni. Nyumbani nilimfunika Marisela gauni lile. Akapiga chafya, akaketi, akaomba maharage. Mama mkwe alicheka huku analia.

Asubuhi Don Leocadio hakuamka. Alipumua, lakini macho wazi, kinywa kimya, kama Marisela alivyokuwa. Mama mkwe alipomvua shati ili amkande, alipiga yowe.

Kifuani, kuzunguka chuchu, alama ndogo ndogo za meno. Nyingi. Mbichi. Na matone ya kitu cheupe.

Ninfa alipofika aliziangalia muda mrefu.

"Wangu hawaumi," akasema. "Jana usiku nilijua vitoto vitakufa vyote, havina wa kuvinyonyesha. Leo nimevikuta hai. Matumbo yamejaa... Sielewi."

Mama mkwe akanisukumia shati la mumewe.

"Nenda kamwite, binti yangu. Wewe ndiye unayewajua wale. Usimtazame yeye, nitazame mimi."

Nilimtazama. Ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua, ndiye aliyekesha na mwanangu ili mimi nilale. Kwa ajili yake, si kwa ajili ya yule mzee, nililikunjua shati na kulitupia begani.

Marisela aliacha kula. Akashika sketi yangu kwa mikono miwili.

"Mwache, Mama," akasema. "Watoto hawajashiba."