Ndiyo ya Justina

Jamani, tulieni mnisikilize, maana haya yalitokea kwetu, kwenye koloni, yaani makazi yetu sisi Wamenoni, Wakristo wakulima tunaojitenga na dunia, huko Bolivia. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine nilisimuliwa na wenyewe.

Asubuhi ile Aganetha alikuwa jikoni akibana jibini. Mkate umeumuka vizuri, ng'ombe wametulia, mumewe Abram yuko shamba la mbali la soya. Kitinda mimba wao, Hein, alikuwa akicheza ghalani. Aliyekosa raha ni Justina tu, binti yao mkubwa.

"Bado umenuna?" Aganetha alimwuliza.

"Sijanuna, mama. Naogopa kufungua mdomo."

Alikuwa na sababu. Kwetu tunasema Kijerumani chetu cha kale, na wanaume hujifunza Kihispania, lugha ya nchi, ili wauze maziwa na soya. Wanawake hapana, wasije wakavutwa na dunia. Sasa Justina alikuwa amekiokota kwa dereva wa lori la maziwa, neno leo, neno kesho. Na nani alimchongea kwa wazee? Mama yake mzazi! Jumapili Mzee Wiebe akamsimamisha mbele ya kanisa: "Utaiacha lugha ya watu wa nje?" Mtoto akajibu, "Ndiyo."

Sisi hatuapi, kuapa ni dhambi. Ndiyo yako mbele ya wazee imetosha, na ukiivunja unatengwa. Hata kwenu huketi tena mezani na wenzako.

Basi, Hein akaingia jikoni akiyumba, mate yanamtiririka. Mkononi ana chupa ya soda. Abram alikuwa ametia humo dawa ya kuulia wadudu wa soya.

"Mungu wangu! Justina, funga farasi!"

Walikimbiza mkokoteni mpaka barabara kuu, lori likawachukua hadi zahanati. Chupa waliiacha sakafuni.

Muuguzi akauliza kwa Kihispania, akauliza tena. Aganetha hakuelewa hata neno. Akaonyesha tumbo la mtoto, akaonyesha mdomo, akalia. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma; alidhani mtoto anaharisha tu. Akaanza kukoroga maji ya chumvi na sukari.

"Justina, mwambie! Mwambie amekunywa nini!"

Binti alikuwa amejibana ukutani. "Mama, nilisema ndiyo."

"Sema, mwanangu!"

"Nikisema mtanitenga. Si wewe mwenyewe ulinipeleka kwa wazee?"

Mnashangaa? Hata mimi nilishangaa. Ndugu yake anakata roho, naye anaogopa kanisa! Lakini nani alimtia woga huo?

Aganetha akapiga magoti mbele ya binti yake. "Nilikosea, Justina. Dhambi iwe yangu. Sema!"

Justina akapiga kelele kwa Kihispania: "Sumu! Amekunywa sumu ya shambani!"

Muuguzi aliangusha kikombe. "Na mlikuwa mnangoja nini?" akafoka, huku anakimbilia sindano. Alikuwa bado anatafuta mshipa kwenye kale kamkono, Hein akaacha kupumua.

Siku ya maziko Mzee Wiebe alimsogelea Abram. Ungedhani anampa pole.

"Abram, ni kweli binti yako aliisema ile lugha?"

Hayo ndiyo aliyouliza! Kaburi la mtoto bado bichi! Abram akainamisha kichwa. Aganetha ndiye aliyemshika Justina mkono, akamsimamisha mbele za watu.

"Ni kweli," alisema. "Na alichelewa kuisema kwa sababu yangu na yako, mzee. Kama ni kutenga, anza na mimi. Leo nakula naye sahani moja, na kesho atanifundisha."

Wakawatenga wote wawili. Siku hizi mama na binti wanakula jikoni, na ukipita dirishani unawasikia wakirudia majina ya vitu kwa Kihispania: maji, mkate, sumu. Abram anakula meza kubwa, peke yake.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kuilinda imani si kosa. Mimi mwenyewe bado nasali kanisa lile. Lakini tukimnyima mwanamke lugha ya kuombea msaada, tunamlinda na nini? Wafundisheni binti zenu, na msiwachongee kwa kujua. Na dawa ya shamba, tafadhalini, msiiweke kwenye chupa ya soda. Hein alidhani ni soda.