Mzigo Chini ya Nguzo

Jioni ile tulikuwa tumempelekea mama unga na dawa huko milimani. Nilikuwa nimesahihisha mitihani tangu asubuhi. Nilitaka kitanda tu. Lakini dada yangu Nthambi, aliyekuwa akiendesha gari, alisimama penye nguzo.

Ni nguzo za udongo, ndefu kuliko mtu, kando ya barabara inayoteremka Machakos. Mvua imekula udongo wote pembeni. Zimebaki zile tu zilizofunikwa na jiwe bapa juu, nazo huanguka moja moja.

"Si tupige picha, mwalimu? Mvua ikianza tutakuta matope."

"Piga haraka. Mgongo unaniuma."

"Wee! Umezeeka kabla ya mama!"

Alishuka akicheka. Nikafumba macho.

Kisha... harufu. Udongo uliolowa. Na mvua ilikuwa haijanyesha.

"Mwanangu."

Nilifumbua macho. Chini ya nguzo ya mwisho aliketi bibi kizee, kuni mgongoni, mukwa, ule ukanda wa kubebea mizigo, umemkaza paji la uso.

"Nisaidie niinuke."

Kwetu Ukambani ombi hilo halikataliwi. Mimi mwenyewe huwafundisha watoto hivyo.

"Nthambi," nikanong'ona. "Ngoja..."

Alikuwa ameshainama. Akashika kuni, akavuta.

Kra... kra...

Bibi akainuka, mwepesi kama msichana. Mgongoni hakuwa na kitu. Akapita nyuma ya nguzo.

Hakutokea upande wa pili.

Jiwe la juu likateleza. Nguzo ikamwagika chini, kimya.

Nthambi alibaki ameinama.

"Dada... nitue hizi kuni."

Hakukuwa na kuni.

Sasa yuko kwangu Mumbuni, mgongo umepinda, alama ya ukanda imezama pajini. Hospitali wanasema mifupa ni mizima. Mama alimtazama, akalia.

"Mzigo huo hautuliwi," akasema. "Humwendea anayekuinua."

Nthambi hataki kuguswa, hata nami. Uzito ukizidi anauma leso ili asiombe.

Lakini watoto hawangoji kuombwa. Jana Mukai, mwanafunzi wangu, alimwona uani akaweka mkoba chini.

"Auntie, nikuinue?"

Nilimkimbilia na fimbo. Mtoto mwenye adabu kuliko wote! Alilia hadi kwao.

Leo nimesimama mbele ya darasa, nimechoka, nikawaambia: mtu akilemewa na mzigo, msimguse.

Mukai akainua mkono polepole.

"Hata akiwa mama yangu, mwalimu?"