Dakika Mbili za Mma-Modiri

"Kiti ni cha nani?" redio iliuliza.

"Cha anayechelewa," Boikanyo Rantao alijibu, kama nenosiri lilivyotaka.

"Sawa. Sikiliza."

Hilux ilikuwa ikikata lami kwa kasi ya kilomita mia na arobaini kwa saa. Jua la Julai lilikuwa limechomoza bila joto. Umande ulioganda ulimetameta kwenye majani kando ya barabara. Punda watatu walisimama katikati ya njia. Boikanyo aliwakwepa bila kugusa breki.

Sauti ilikuwa ya Rra Dikgang, mkuu wake kule Gaborone. Hakuwa mtu wa salamu.

"Maiti ya kwenye tangi la maji la ng'ombe imetambuliwa. Ni Modiri."

Boikanyo aliondoa mguu kwenye mafuta.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Rra. Mama yake anajua?"

"Hajui. Na asijue mpaka mkutano uishe. Unaelewa kwa nini."

Alielewa. Mama aliyefiwa haendi kgotla, kwenye baraza la kijiji. Hukaa ndani ya nyumba juu ya godoro, wanawake wamemzunguka, mpaka siku ya mazishi. Na leo, katika kijiji kizima cha Lentswaneng, mwanamke huyo alikuwa ndiye mtu pekee aliyejua swali la kuuliza.

Modiri alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni ya Orvane, na kwa miezi minne alikuwa pia jicho la Idara ya Usalama ndani ya kampuni hiyo. Orvane ilikuwa mali ya mgeni mmoja, Gerrit Vossler. Ndiyo iliyopewa kazi ya kuandikisha mahudhurio wakati serikali ikipita vijijini kukusanya maoni kuhusu muswada wa data. Muswada uliuliza jambo moja zito: je, taarifa za wananchi, yaani majina, nyuso, alama za vidole na kadi za hospitali, zihifadhiwe nje ya nchi na kampuni binafsi?

Vijiji kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha kupitiwa. Watu walikataa waziwazi, kwa maneno makali.

Lakini langoni kila mtu alikuwa ameweka kidole kwenye kishikwambi ili kuonyesha kwamba amehudhuria. Ukurasa wa kwanza ulisema: Nimehudhuria. Ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyeonyeshwa, ulisema: Nimekubali.

Lentswaneng kilikuwa kijiji cha mwisho. Kgosi, chifu wa kijiji, angefunga mkutano na kuweka kidole chake. Mara hiyo mtambo wa Orvane ungetuma kila kitu ng'ambo kwa setilaiti, kisha ungejifuta. Kitakachobaki ni ripoti safi: wananchi elfu arobaini na moja wamekubali.

"Nikiuvunja mtambo?" Boikanyo aliuliza.

"Utakuwa umevunja mali ya mkandarasi halali. Naibu mkurugenzi Letsididi yuko upande wao, na barua zote za wizara zina saini yake. Nakili yaliyomo, nitumie, nami nimpelekee hakimu. Bila nakala hiyo, wezi ni sisi."

"Muda gani?"

"Dakika ishirini. Kabla ya kidole cha Kgosi."

Redio ilikata.

*

Mma-Modiri, mama yake Modiri, alikuwa akikoroga bogobe, uji mzito wa mtama, kwenye sufuria ya miguu mitatu. Alikuwa mwembamba, wima kama fimbo ya ubaoni. Alikuwa amefundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na sita.

"Dumela, Mma. Natoka kazini kwa Modiri."

"Dumela, mwanangu. Kwanza funika hiyo suruali. Utaingiaje kgotla hivyo? Au huko mjini mmesahau kwamba mna mama?"

Boikanyo alifunga sketi ya leteisi, kitambaa cha buluu cha akina mama, juu ya suruali. Alijitupia shali mabegani na kufunga kitambaa kichwani. Chini ya shali kulikuwa na bastola aina ya Glock na kifaa cha kunakilia chenye ukubwa wa kiberiti.

"Yuko wapi mwenyewe?" mama aliuliza. "Tangu Jumatatu hapigi simu."

"Yuko njiani, Mma."

Uongo ulitoka laini. Alikuwa amefunzwa.

"Aliniambia nisimame kwenye mkutano. Nimwambie Kgosi afungue ukurasa wa pili usomwe mbele ya watu. Alisema atakuwepo, akae kwenye kiti cha baba yake." Mama alionyesha kiti kifupi cha mbao kilichosukwa kwa kamba za ngozi. Alikuwa amekipaka mafuta. "Utamjua kwa saa yake. Casio. Mkanda ulikatika, nikaushona kwa uzi mwekundu. Anasema wenzake wanamcheka. Nikamwambia, wacheke, lakini saa inatembea."

Alimwekea mgeni bakuli. Boikanyo alikula.

"Mma, Modiri ameniagiza kitu kimoja zaidi."

"Sema."

"Ukisimama kuzungumza, usikae mpaka umwone akiingia."

Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo! Anajua nikianza sinyamazi."

*

Saa tatu kamili kgotla ilikuwa imejaa. Moto wa magogo ulifuka moshi katikati. Wanaume walivaa makoti yao na kuvua kofia. Wanawake walijifunika mablanketi. Kila mtu alikuwa amekuja na kiti chake. Mma-Modiri alikaa mstari wa mbele wa wanawake. Kando yake alikuwa ameweka kiti kitupu.

Vossler alikaa meza kuu, suti ya kijivu, uso wa mtu anayesubiri ndege. Letsididi alishika kipaza sauti.

"Ili kuokoa muda, kila msemaji atapewa dakika mbili."

Watu waliangua kicheko. Kicheko kilianza mbele, kikapanda hadi nyuma, kikarudi.

"Huyu mtoto wa nani?" mzee mmoja aliuliza kwa sauti.

"Wa lifti," mwingine alijibu. "Amezaliwa ghorofani."

Kgosi Ramosinyi aliinua mkono, na pakawa kimya. "Rra Letsididi. Hapa anayesema hakatizwi. Hata mimi simkatizi. Mkutano nitaufunga msemaji wa mwisho akikaa. Endelea."

Letsididi alitabasamu kwa aibu. Lilikuwa kosa la mtu aliyekulia maofisini. Alikuwa amempangia Vossler muda wa mkutano kama mtu anayepanga kikao cha bodi.

Boikanyo aliinuka taratibu, kama mtu anayetafuta choo. Alizunguka ofisi ya kgotla.

Nyuma kulikuwa na Land Cruiser nyeupe. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi nusu. Ndani kulikuwa na sanduku jeusi la chuma, taa moja ya kijani ikipepesa.

Hakukuwa na mlinzi.

Hilo halikumpendeza.

Alichomeka kifaa. Kioo kidogo kikaandika: dakika kumi na tisa.

Sauti ya Mma-Modiri ilisikika kwenye spika.

"Kgosi, naomba kusema. Mnanijua. Hata wale mnaojifanya hamnijui, niliwafuta kamasi. Rra Letsididi, dakika mbili? Mimi kukohoa tu huchukua dakika mbili."

Kicheko tena.

"Chai ya wanawake iko upande ule, Mma," mtu alisema nyuma ya Boikanyo.

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, amevaa kofia ya mtindo wa kijeshi. Boikanyo alimtambua kutoka kwenye faili: Danko, mwanajeshi wa kukodiwa, mtu wa Vossler. Alikuwa akitazama chini, kwenye pindo la sketi.

"Sketi ya mama," Danko alisema. "Buti za askari."

Alichomoa kisu.

Risasi ingesikika. Risasi ingevunja mkutano, na mkutano ukivunjika, Letsididi angemharakisha Kgosi aufunge. Boikanyo aliiacha Glock ilipo.

Kisu kilimjia kutoka chini. Alikipokea kwa shali, akakizungusha, akavuta. Ncha ilipasua kiganja chake, kisu kikaanguka mchangani. Hakutoa sauti. Alimpiga goti la tumbo, kisha kiwiko cha koo. Danko aliyumba, akamshika kitambaa cha kichwa, akamgonga kwenye ubavu wa gari.

Nyota nyeupe.

"Nilikuwa na ng'ombe," spika ilisema. "Mwekundu. Mtu akaja na chuma cha moto, akaniambia, nisaidie kumshika, tumtie chapa. Nikamwambia, ngoja. Geuza chuma nione herufi za nani."

"Ooo!" watu waliitikia.

Danko alimkandamiza shingo. "Yule kijana naye alipigana," alimnong'oneza. "Maji yalimmaliza taratibu."

Boikanyo aliuona mkono uliokuwa shingoni mwake. Casio nyeusi. Mkanda umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Kitu kikatulia ndani yake. Hakikuwa hasira. Kilikuwa baridi.

Alishika kidole gumba cha mkono ule na kukivunja. Danko alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, waya wa akiba wa mtambo ulikuwa umemzunguka koo. Aliuvuta. Alihesabu. Saba, nane, tisa. Mwili ulilegea. Alilegeza waya, akasikiliza pumzi. Ilikuwapo.

Aliitaka isiwepo. Lakini hakimu angemhitaji akiwa hai.

Alimfunga mikono na miguu kwa pingu za plastiki, akamziba mdomo, akamsukuma chini ya gari. Kisha akaivua ile saa.

Dakika nane.

"Sasa Kgosi," Mma-Modiri alisema, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, "naomba kile kishikwambi kigeuzwe ukurasa wa pili. Kisomwe kwa sauti. Mimi nitasubiri nikiwa nimesimama."

Spika ilipiga filimbi.

"Hakuna ukurasa wa pili, Mma," Letsididi alisema haraka. "Ni mambo ya kitaalamu."

"Basi kugeuza hakutakugharimu."

"Kigeuzwe," Kgosi aliagiza.

Boikanyo alisikia viti vikisogezwa. Alisikia sauti ya karani mchanga ikisoma, neno moja moja, kama mtu anayekanyaga miiba. Mimi niliyeweka kidole hapa. Nimekubali. Taarifa zangu na za watoto wangu. Zihifadhiwe nje ya nchi. Bila kikomo cha muda.

Kgotla ikanguruma.

Dakika nne.

"Kgosi, funga mkutano tupate kueleza vizuri," Letsididi alisihi.

"Nifungeje? Mama bado amesimama."

Mma-Modiri aliendelea. Alizungumzia bei ya mbegu. Alizungumzia simu zinazowapigia wazee zikiwataka namba za siri. Akarudi kwa ng'ombe. Maneno yalikuwa yakimwishia, na kila aliponyamaza, Boikanyo alijua anatazama wapi. Alikuwa akitazama lango.

"Mnisamehe kwa kuchelewesha," mama alisema. "Mwanangu yuko njiani. Yeye ndiye anayejua haya. Namshikia nafasi."

Kifaa kikalia mara moja. Boikanyo alikichomoa, akakiunganisha na simu ya setilaiti ya Thuraya, akatuma.

"Dikgang."

"Imefika." Dakika mbili zilipita. Sauti za karatasi. "Hakimu ametia saini. Polisi wako langoni."

Magari mawili yaliziba lango. Vossler alijaribu kuondoka kwa mwendo wa heshima, simu sikioni. Wazee wawili walikuwa wameweka viti vyao kwenye njia na kukaa. Hawakumgusa. Walikaa tu. Sajenti alimkuta hapo, akamfunga pingu. Letsididi hakungoja kuitwa. Alinyoosha mikono mwenyewe, macho chini.

"Pula!" mtu alipaza sauti, akiita mvua na baraka.

"Pula!" kgotla nzima ikaitikia.

Kisha sauti zikapungua, moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wamegundua.

Mma-Modiri alikuwa bado amesimama.

"Kaa sasa, Mma," Kgosi alimwambia kwa upole. "Umeshinda."

"Bado, Kgosi. Niliagizwa."

Boikanyo alitokea nyuma ya ofisi. Kiganja kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha shali. Damu ilikuwa imepenya. Alitembea kati ya wanaume na wanawake, karibu na moto, mpaka kwenye kiti kitupu. Hakuna gaidi wala bunduki iliyowahi kumrefushia njia kiasi hicho.

"Mma. Kaa."

"Ulisema nisikae mpaka nimwone."

Boikanyo aliiweka saa juu ya kiti. Uzi mwekundu ulikuwa juu. Saa ilikuwa inatembea.

Mama aliinama, akagusa ule uzi. Hakupiga yowe.

"Lini?"

"Jumanne."

"Ulijua asubuhi."

"Nilijua."

"Ukala uji wangu."

"Nilikula, Mma."

"Ningebaki nyumbani," mama alisema polepole, kama anayesahihisha daftari. "Ungeniambia, ningebaki nyumbani."

"Ndiyo."

Mma-Modiri alikaa. Aliichukua saa na kuifumbata mapajani. Mwanamke wa nyuma yake aliinua kiti chake na kukisogeza karibu. Kisha mwingine. Kisha mstari mzima. Ndani ya ule mviringo wa mablanketi hapakubaki nafasi ya mgeni.

Kgosi Ramosinyi aliinuka. Hakukigusa kishikwambi.

"Mkutano umefungwa," alisema.

Boikanyo alirudi kwenye Hilux. Alivua sketi, akaikunja vizuri, akaiweka kiti cha pembeni. Redio ilikuwa inaita.

"Kazi?"

"Imekwisha, Rra."

"Umeumia?"

Alikitazama kiganja. Akakiweka kwenye usukani.

"Hapana."

Alizima redio na kuwasha gari. Langoni askari alimpigia saluti. Hakuitikia, wala hakupunguza mwendo.