Kichwa cha Daktari Tumsifu

Kitambaa alichofungwa Mama Nyemo kichwani kiligeuka kutoka nyekundu hadi samawati, na maofisa wa Mfuko wa Utafiti wakasogeza viti mbele. Kiliitwa kipimamzigo. Nyuzi zake zilisikiliza ubongo: nyekundu, akili imejaa wasiwasi, samawati, ina pa kupumulia.

"Miezi ya dhiki, Mama Nyemo alifumbua mafumbo manane kati ya ishirini," alieleza mvumbuzi wa kitambaa hicho, Daktari Tumsifu Mbwambo. "Tulipomhakikishia chakula na kodi ya nyumba, alifumbua kumi na saba. Ubongo ni ule ule. Umaskini si ujinga, ni kelele."

Mwenyekiti wa Mfuko, Bi Rukonge, hakuridhika. "Huenda ameyazoea tu mafumbo. Mwondolee msaada miezi sita, tuone kama atashuka. Ukikubali, tunakufadhili miaka mitano. Weka kidole hapa."

Tumsifu alikitazama kioo cha saini. Wasaidizi wake wanne hawakuwa wamelipwa tangu Machi, na maabara ingefungwa Ijumaa. Miezi sita si mingi, alijiambia. Akanyoosha kidole.

"Subiri, mwanangu." Mama Nyemo, fundi cherehani wa Chang'ombe, Dodoma, alikivua kitambaa na kumfunga Tumsifu. Kikaiva kama pilipili.

"Umenifundisha mwenyewe. Kichwa kikiwa hivi hakiamui, kinakimbia. Umekula leo?"

"Sijala, mama."

"Basi hujakubali wala hujakataa. Twende."

Bi Rukonge akawapa hadi asubuhi. Nyumbani kwake, Mama Nyemo alisonga ugali wa uwele, akaweka na mlenda, akakataa kusikia habari za utafiti mpaka sahani iwe tupu. Hakumwomba huruma hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililomchoma Tumsifu.

Alipoamka, jibu lilikuwa wazi. Mtaani kwa Mama Nyemo familia arobaini zilikuwa zikisubiri zamu ya msaada. Nusu wangepewa uhakika wa chakula kabla hawajaona fumbo hata moja. Wakiwashinda wenzao, nani angesema ni mazoea? Kisha na hao wengine wangepewa, na Mama Nyemo asingenyang'anywa chochote.

Mfuko ulikubali, lakini kwa miaka miwili tu. Wasaidizi wawili ikabidi waondoke, na mmoja aliaga bila kumpa mkono.

Jioni hiyo Tumsifu akaenda Chang'ombe. "Jana nusura nikuuze, mama," alisema mlangoni.

"Najua." Mama Nyemo alilowesha uzi mdomoni, akautunga kwenye sindano. "Vua hilo shati. Kifungo kimelegea, na wewe unatembea nalo hivyo hivyo mbele za watu."