Mashine ya Mlango wa Mbele

Wewe ulikuwapo. Usinikatalie. Jumamosi ile, dukani kwa Gulati hapa Kanpur, ulisimama kando ya feni ukajifanya unasoma vibandiko vya bei. Ulisikia kila neno, na mambo yalipochacha ukageuza shingo. Basi leo utasikiliza mpaka mwisho.

"Hii ya kufungulia juu ni ya wapangaji," alisema Mama Urmila, mama wa bwana harusi, akiigonga mashine ya kufulia kwa pete yake kama anayepima tikiti maji. "Mwanangu ni ofisa wa bima. Atawaonyesha nini wageni?"

"Lakini mkwe, inafua vizuri tu," alijibu Mzee Dinanath, karani mstaafu wa kiwanda cha ngozi, baba wa bibi harusi.

"Inafua, ndiyo. Hata mikono inafua. Si ungetuletea mikono tu!"

"Mikono anakuja nayo mwenyewe," akadakia Gulati, mwenye duka, akacheka peke yake.

Mridula hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu, na harusi yake na Alok ilikuwa imebaki wiki mbili. Walipendana wenyewe miaka mitatu, hawakutafutiwa. Kwenye ngazi za mto Ganga Alok alimwambia, "Nitakuchukua na nguo ulizovaa, basi." Akamwamini. Lakini kwetu vitu hutoka kwa baba wa binti kwenda kwa bwana harusi. Sheria inakataza, kwa hiyo tumeviita zawadi. Siku ya harusi tunavipanga chini ya turubai na mtu anasoma orodha kwa kipaza sauti.

"Mama," Mridula alisema kwa upole, "kwenu ni ghorofa ya tatu. Maji ya bomba yanakuja kwa muda wa saa moja tu asubuhi, tena yanachuruzika. Hii ya mlango wa mbele inavuta maji yenyewe. Yakikosa nguvu inagoma katikati, mlango umejifunga, nguo ziko ndani. Ile ya juu, maji yakikatika, unamimina kwa ndoo na kazi inaendelea."

"Umeshaanza kunifundisha kabla hujavuka kizingiti?"

"Nasema tu, mama."

"Ikigoma utafua kwa mkono, na yenyewe tutaifunika kitambaa cha maua. Itakaa sebuleni, ionekane. Nani kakuambia mashine ni ya kufulia?"

Mridula akamtazama Alok. Alok alikuwa hatua tatu kutoka kwake, anachezea simu. Ya Mridula ikatetemeka mkononi.

"Vumilia mpenzi. Ni mama tu, unamjua. Nikimpinga presha itampanda."

Akamjibu hapohapo: "Sema neno moja, Alok. Moja tu."

"Nitaongea naye nyumbani. Nakupenda kuliko kitu chochote."

Mtaa huu una maradhi ya kusahau. Mimi sisahau. Miaka sita nyuma, dada yake Mridula, Kamini, aliolewa akapelekwa na friji ya mlango mmoja. Wakwe walitaka ya milango miwili. Mwezi wa nane wa ndoa wakaleta habari kwamba jiko la mafuta ya taa limemlipukia. Nyumba ile ilikuwa inapika kwa gesi. Aliyeandika taarifa akaandika ajali, majirani wakasema hawakusikia kitu, na siku ya kumi na tatu tukaenda wote kula chakula cha marehemu.

Mridula alipomhadithia Alok haya, Alok alilia kuliko yeye. Ndipo Mridula alipompenda.

Gulati akarudi na kitabu cha risiti, kalamu sikioni.

"Haya bwana, niandike ile ya rangi ya fedha uliyoichagua Jumanne?"

Alok akainua kichwa. "Jumanne gani? Umenifananisha."

"Nikufananishe nawe ulikunywa chai yangu vikombe viwili? Ukaniambia, 'Iweke pembeni kwa jina langu, ukweni watalipa, mama atakuja kuisemea.' Karatasi hii hapa, imebandikwa."

Mridula akaisoma karatasi.

"Mama," Mridula akamgeukia Urmila, "ni wewe uliyeitaka hii?"

Mama Urmila akavuta pindo la sari kichwani. Sauti ikampungua. "Mimi nimefua kwa mikono miaka thelathini na nne. Mlango wa mbele, mlango wa juu, ningejulia wapi? Yeye ndiye aliyenionyesha picha. Akasema, 'Mama, sema wewe, mimi nikisema nitaonekana vibaya.'"

"Mama!" Alok akafoka.

"Nini? Hukusema? Nimechoka kuchukiwa kwa niaba yako."

"Mridula, njoo nje tuongee."

"Ongea hapahapa. Mama yako ulimwachia aongee hapa."

"Ni mashine tu! Tena utaitumia wewe. Wenzangu wote ofisini wameletewa. Mimi nisimame chini ya turubai na kitu cha kumiminia ndoo?"

"Ya Kamini nayo ilikuwa friji tu."

"Unanilinganisha na wauaji?"

"Wale nao walianzia dukani, Alok."

Mzee Dinanath akainua mkono. "Nyamaza, mwanangu. Gulati, andika hiyo ya fedha."

"Baba!"

"Kadi zimeshagawiwa. Andika."

"Baba... ulijua?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Alinipigia wiki iliyopita. Akaniomba usijue. Akasema, 'Baba, yaliyompata Kamini sote tunayajua. Safari hii tusifanye ubahili.'"

Mridula akamgeukia Alok. Uchungu aliompa mpenzi wake huku analia, mpenzi wake ameuchukua na kwenda kumtishia nao baba yake.

"Sikuwa na maana hiyo," Alok alisema haraka. "Mzee amenielewa vibaya."

"Nilikuelewa vizuri sana," mzee akasema. "Nilileta ya mlango mmoja, Mridula. Mlango mmoja! Ningeongeza ule wa pili mwanangu angekuwa hai. Miaka sita sijalala kwa ajili ya mlango ule. Niache nitoe hii, walau wewe ubaki."

"Baba, nitazame. Si friji iliyomuua. Ungeleta ya milango miwili wangetaka pikipiki. Waliomuua ni watu, na watu wengine wakatazama pembeni."

Akavua pete ya uchumba. Hakumpa Alok. Aliiweka kwenye kiganja cha Mama Urmila, kiganja kigumu kilichochunwa na sabuni, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Pole kwa mikono yako, mama. Harusi haipo."

"Nani atakuoa baada ya hili?" Alok akapiga kelele. "Kadi mia tatu, Mridula! Mia tatu!"

"Labda hakuna. Twende, baba."

Usidhani kuna aliyepiga makofi. Mtaa ulimpa jina, yule aliyeacha mume kwa ndoo ya maji. Shuleni wazazi wawili waliomba watoto wao wahamishiwe darasa jingine. Baba yake alikaa siku kumi na moja bila kumsemesha. Ya kumi na mbili akaingia na vikombe viwili vya chai, akaketi chini karibu naye.

"Jana nimelala," akasema. Basi.

Alok aliandika ujumbe mara arobaini na moja. Mridula aliusoma wote, kwa sababu moyo hauzimwi kama taa.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Rudi. Nachukua hata ile ya juu."

"Nikikosa wewe nitakufa."

Na wa mwisho: "Wapo wanaojua thamani yangu."

Kweli, wapo. Amempata mmoja, anaitwa Pallavi, ana miaka ishirini na mbili, na baba yake anauza nyuzi kwenye kiduka chake mtaa wa Govind Nagar. Mridula aliitafuta namba ya binti mpaka akaipata. Akapiga.

"Pallavi, jina langu Mridula. Sikuombei mabaya. Nataka umwulize Alok swali moja tu, nani aliyechagua mashine."

"Dada, aliniambia utapiga. Anasema bado unamlilia."

"Namlilia, sikatai. Lakini mwulize baba yako Alok amempigia simu mara ngapi pembeni."

"Baba yangu ana furaha. Mashine tumeshanunua, ya mlango wa mbele. Ameuza cherehani ya marehemu mama ili iwe ile nzuri."

"Mdogo wangu, nisikilize..."

"Wewe hukumpenda yeye, ulimpenda mama yake tu, ndiyo maana ulimpa pete. Alok ana moyo mlaini, dada. Siku nilipomhadithia mama alivyokufa, alilia kuliko mimi."

Simu ikakatika. Mridula akapiga tena, namba haikupatikana. Akaandika ujumbe, haukufika. Akaenda mpaka kidukani kwa miguu. Baba wa binti akashusha mlango wa bati mbele ya uso wake.

Harusi ni Jumapili, na leo ni Alhamisi. Kadi unayo, iko juu ya meza yako, na najua umeshapiga pasi shati. Mridula akisema, ni wivu. Mimi nikisema, kwa kuwa huandika mitandaoni, ni mropokaji. Wewe hakuna atakayekuambia una wivu. Yule baba umemnunulia nyuzi miaka mingi, anakuita ndugu, chai yake umekunywa. Uliyoyasikia kwa masikio yako nenda kamwambie kwa mdomo wako, Pallavi akiwa amesimama hapo, na usiondoke mpaka binti amwulize Alok lile swali mbele yenu wote. Kiduka kinafungwa saa mbili. Sasa ni saa kumi na moja kasoro.

Vaa viatu.